Kupima kufikiri, mikono na mwendo kwa mwenye MS: kipimo kipi kinaona nini, na uchague kipi

Kwa miaka minne mfululizo faili la mama mmoja mwenye MS liliandikwa maneno yale yale: "Hali imetulia." Alama yake ya EDSS, mizani ya ulemavu wa MS, ilikuwa 2.0 alipoanza kufuatiliwa, na ilikuwa 2.0 siku alipoingia kwangu kwenye chumba cha fiziotherapia. Ngazi alikuwa anapanda bila kushika ukuta. Lakini nilipomwomba afunge kamba za viatu kabla hatujaanza, vidole vya mkono wake wa kushoto viliigusa kamba mara tatu bila kuikamata. Alipoona ninatazama akasema, "Huu umeniacha zamani, dada." Kisha akanieleza kwamba kazini anasoma barua moja mara tatu ndipo aielewe, na watu wawili wakizungumza kwa pamoja yeye hupotea.

Hakuna aliyekosea hesabu. Kipimo kilichotumika hakikutazama kwa karibu kasi ya vidole wala ya kufikiri, na yeye alikuwa anapungukiwa mkononi na kichwani. Tangu siku ile, kila mtu anaponiuliza kipimo gani ni bora kwa MS, humrudishia swali: unataka kuona nini? Vipimo hivi havishindani kwenye mstari mmoja. Kila kimoja kina upande wake wa mwili unaoonekana vizuri na upande unaobaki gizani.

Chanzo ni ugonjwa wenyewe. Katika multipo sklerosisi, yaani MS, kinga ya mwili hushambulia mayelini, lile ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva ndani ya ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Ganda likichubuka ujumbe huchelewa. Uzi wenyewe ukikatika ujumbe haufiki kabisa. Na kwa kuwa makovu huweza kutua popote, mmoja hulemewa na miguu, mwingine mkono hutetemeka, mwingine kufikiri kunakuwa kwa polepole huku viungo vyote vikiwa salama. Duniani wanaoishi na MS ni karibu watu milioni 3, na tafiti nyingi huonyesha kuwa kati ya asilimia 40 na 65 yao hupata kiasi fulani cha kuzorota kwa utambuzi: kasi ya kuchakata taarifa, kumbukumbu, umakini. Si jambo la wachache.

EDSS au MSFC?

EDSS ndiyo mzee wa vipimo vyote hapa. Ilitungwa na daktari wa neva wa Marekani, John Kurtzke, aliyeanza na mizani ya kwanza mwaka 1955 kisha akaipanua mwaka 1983. Huanzia 0, ambapo uchunguzi wa neva hauna kasoro, na huishia 10, ambayo ni kifo kilichosababishwa na MS, ikipanda kwa nusu nusu kuanzia 1.0. Chini ya 4.0 alama hutokana na daktari kuchunguza mifumo ya mwili: nguvu za misuli, uratibu, hisia, macho, kibofu na kadhalika. Kuanzia 4.0 mambo hubadilika, na umbali wa kutembea ndio unaotawala. Anayeweza mita 500 bila kupumzika wala msaada yuko 4.0. Anayefika mita 200 yuko 5.0. Anayehitaji fimbo au mkongojo mmoja ili afike mita 100 yuko 6.0, anayehitaji msaada wa pande mbili ili afike mita 20 yuko 6.5. Asiyeweza kuvuka mita 5 hata akisaidiwa yuko 7.0, kwenye kiti cha magurudumu.

Umeona pengo? Mtu aliye 6.0 anaweza kupoteza mkono wa kulia kwa miaka mitatu, akashindwa kuandika na kujipaka dawa, na alama yake ikabaki 6.0 maadamu zile mita 100 anazimaliza. Utambuzi nao una kisehemu chake ndani ya EDSS, lakini ni kidogo, na mara nyingi hujazwa kwa daktari kumsikiliza mgonjwa akizungumza. Mwenye elimu na maneno mazuri hupita bila kugunduliwa. Isitoshe hatua zake hazilingani: kutoka 1 hadi 2 si safari sawa na kutoka 6 hadi 7, na madaktari wawili wakimpima mtu mmoja siku moja wanaweza kutofautiana, hasa kwenye alama za chini.

Hata hivyo sikushauri uitupe. EDSS ni lugha ya pamoja: daktari yeyote wa neva, popote alipo, ukimwambia 6.0 anakuona mgonjwa wako na fimbo yake. Majaribio makubwa ya dawa za MS yameitumia kuamua nani amezorota. Kanuni inayotumika sana ni kupanda kwa alama 1.0 kwa aliyeanzia kati ya 1.0 na 5.5, au 0.5 kwa aliyeanzia juu zaidi (kwa aliyeanzia 0 hutakiwa 1.5), na lazima hali hiyo idumu miezi 3, au bora 6, ili shambulio la muda lisichukuliwe kuwa kuzorota kwa kudumu.

MSFC ilizaliwa miaka ya 1990 kujaza pengo hilo. Huunganisha vipimo vitatu: kutembea futi 25 kwa miguu, vijiti tisa kwa mikono, na hesabu za kusikiliza, PASAT, kwa kufikiri. Hukumu ya daktari haihitajiki. Ni sekunde na majibu sahihi tu. Tatizo lake lipo kwenye kujumlisha. Matokeo matatu hugeuzwa kuwa alama moja ya kitakwimu kwa kulinganishwa na kundi fulani la watu, na namba inayotoka, tuseme hasi 0.4, haimwambii kitu mgonjwa wala mkewe. Kibaya zaidi, mkono ukizorota huku majibu ya PASAT yakipanda kwa sababu ya mazoea, jumla inaweza kukaa pale pale.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili msimamo wangu ni huu: EDSS ibaki kwa daktari wa neva, na kutoka MSFC chukua vipande, acha jumla. Sekunde za mguu ziandikwe peke yake, za kila mkono peke yake, na za kufikiri peke yake.

Miguu: futi 25, dakika mbili, dakika sita, au kuinuka kitini?

Futi 25 ni mita 7.62. Mgonjwa anasimama kwenye mstari, anaambiwa atembee haraka kadiri awezavyo bila kujihatarisha, na asipunguze mwendo kabla ya kuuvuka mstari wa pili. Anatembea mara mbili, wastani unachukuliwa. Fimbo inaruhusiwa, lakini iandikwe ni ipi, na safari ijayo iwe hiyo hiyo. Kipimo chote kinaisha ndani ya dakika chache, na korido yoyote iliyonyooka inatosha. Wastani ukiongezeka kwa asilimia 20 huchukuliwa kuwa mabadiliko ya kweli. Watafiti pia wamependekeza viwango viwili vya kukumbuka: anayefika sekunde 6 huanza kupata shida za dhahiri kazini na katika shughuli za nje, na anayefika 8 huwa tayari anahitaji msaada katika mengi.

Kasoro yake iko upande wa wenye nguvu. Anayemaliza kwa sekunde 4 hana nafasi ya kuonyesha kuzorota kidogo, maana kidole cha mpimaji kikichelewa kwenye saa tofauti hiyo imeshaliwa. Zaidi ya hapo, wagonjwa wengi hawalalamiki kuhusu mita 7 za kwanza. Wanalalamika kwamba wakitoka wako sawa, na wakirudi mguu haunyanyuki.

Hapo ndipo matembezi ya dakika 6 yanapostahili jina lake. Yalitoka kwenye magonjwa ya moyo na mapafu, lakini kwa MS yanaonyesha kitu ambacho futi 25 haziwezi kukionyesha: namna mwendo unavyoporomoka. Ukisimama kando ya korido na kuandika umbali wa kila dakika, utamwona mtu akianza vizuri, dakika ya tatu kisigino kikianza kutua kwa kishindo, dakika ya tano ncha ya kiatu ikikwaruza sakafu. Ile sauti ya kukwaruza huwa naiandika kwenye karatasi pamoja na mita, na dakika iliyoanza. Ni taarifa kamili kuliko namba.

Dakika sita lakini ni nyingi. Kwa aliye na uchovu wa MS zinaweza kumharibia siku nzima, na ukitaka kumpima mikono na kufikiri baada ya hapo umechelewa. Matembezi ya dakika 2 hutoa picha inayokaribiana sana na ile ya dakika 6, na mimi kwa ufuatiliaji wa kawaida ndiyo ninayoyachukua. Zile 6 huwa naziweka kwa mtu anayetembea vizuri ambaye bado anasisitiza kuwa kuna kitu kimebadilika. Mwamini, mpe korido ndefu.

Kipimo cha kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi ni cha wasiwasi mwingine kabisa: kuanguka. Kile kitendo cha kugeuka hufichua mizani ya mwili iliyopotea ambayo mstari ulionyooka huifunika. Kama tatizo ni anguko, anza na hiki.

Mikono

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, kwa sababu mikono ndiyo inayosahaulika kuliko yote.

Kipimo cha vijiti tisa ni ubao mdogo wenye matundu tisa na kisahani chenye vijiti tisa. Mgonjwa huchukua kimoja kimoja, hujaza matundu yote, kisha huving'oa kimoja kimoja na kuvirudisha kisahanini. Mkono anaoutumia zaidi huanza, mara mbili; kisha mwingine, mara mbili. Ukomo ni dakika 5 kwa kila jaribio. Hapa pia asilimia 20 ndiyo kipimo cha mabadiliko yanayofaa kushughulikiwa.

Mkono wenye afya huonekana kama unacheza. Mkono uliopoteza hisia huingia kisahanini na kupapasa. Kijiti kinabiringika, kidole gumba kinakosa ubavu wake, mtu anainamia ubao ili macho yafanye kazi ambayo ncha za vidole zimeiacha. Mkono wenye tatizo la serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu miendo, hufika haraka, lakini ukikaribia tundu unaanza kutetemeka, kijiti kinagonga ukingo mara nne tano kabla ya kuzama. Sekunde zinaweza kuwa 38 kwa wote wawili, na matatizo yao ni mawili tofauti. Andika sekunde, na pembeni yake andika ulichokiona.

Mbadala wake ni kipimo cha sanduku na vitofali: sanduku lililogawanywa katikati kwa ukuta mfupi, vitofali vya mbao 150 vyenye upana wa sentimita 2.5, na sekunde 60 za kuhamisha vingi iwezekanavyo kimoja kimoja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hiki hakidai ustadi wa vidole kama vijiti. Kwa hiyo kwa mkono ambao bado ni mzuri hakioni mengi, lakini kwa mkono dhaifu kina thamani kubwa. Mtu asiyeweza kumaliza vijiti tisa ndani ya dakika 5 hupata alama ya kushindwa leo na mwaka kesho, na hutajua kama ameshuka zaidi. Kwenye vitofali anaweza kuwa amehamisha 14 mwaka jana na 9 mwaka huu. Chagua vijiti mapema, vitofali baadaye, na kipindi cha mpito fanya vyote viwili ili uzi usikatike.

Jambo moja la kiutendaji: mbao za vijiti hazifanani. Ule wa plastiki wenye kisahani cha mviringo na ule wa mbao wenye kisanduku cha mraba hutoa sekunde tofauti kwa mkono ule ule. Ukibadilisha ubao, andika, na anza msingi mpya.

Kufikiri: PASAT, SDMT, BICAMS au betri kamili?

Kabla ya kuchagua kipimo, chagua maneno. Nilipoanza kazi nilikuwa nikisema "leo tutapima akili," na nyuso zilikuwa zinabadilika, maana kwa Kiswahili kupimwa akili ni kushukiwa kichaa. Siku hizi nasema tunapima kasi ya kufikiri na kumbukumbu, kama tulivyopima kasi ya miguu. Tofauti inaonekana hata kabla ya swali la kwanza.

PASAT ilitungwa na Dorothy Gronwall miaka ya 1970 kwa watu wanaopona kutokana na kuumia kichwa. Sauti hutaja tarakimu moja kila sekunde 3, na mtu hujumlisha tarakimu aliyoisikia na ile iliyotangulia, si na jibu alilotoa. Ukisikia 3 kisha 5 unasema 8. Ikifuata 2 unasema 7, kwa sababu ni 5 na 2. Majibu ni 60. Kinapima umakini, kasi na kumbukumbu ya kazi kwa pamoja, na kinapima kweli. Lakini huwatesa watu. Nimeona mtu mzima mwenye heshima zake akilia kwenye jibu la ishirini. Asiyependa hesabu hukwama kwa sababu isiyo ya MS, na anayekifanya kwa mara ya tatu hupanda alama kwa mazoea tu.

SDMT ya Aaron Smith, iliyotoka mwaka 1973, hufika karibu na pale pale kwa njia nyepesi. Juu ya karatasi kuna ufunguo: alama tisa za ajabu ajabu, kila moja na tarakimu yake kuanzia 1 hadi 9. Chini kuna mistari ya alama bila tarakimu. Kwa sekunde 90 mtu hutaja tarakimu inayolingana na kila alama, na wewe unaandika. Toleo la kutamka ndilo la kuchukua kwa MS. Lile la kuandika huchanganya kufikiri na mkono, na mkono kwa hawa tayari una shida zake. Kushuka kwa alama 4 kutoka kipimo kimoja hadi kingine huchukuliwa na wengi kuwa na uzito kwa kundi la watu, lakini kwa mtu mmoja aliyelala vibaya usiku, 4 zinaweza kupotea bila ugonjwa kusogea. Wapo wanaotaka hadi 8 kabla ya kusema kwa uhakika, na mimi nikiona 4 hurudia baada ya wiki chache kabla ya kumshtua mtu.

Kati ya hivi viwili sisiti: SDMT. Ni fupi, haiwachoshi watu, inakamata kuzorota mapema, na kwa kuwa inategemea alama na tarakimu hubeba mzigo mdogo wa lugha na shule. Mwaka 2018 mapendekezo yaliyoungwa mkono na chama cha kitaifa cha MS cha Marekani yalitaka kila mgonjwa, pamoja na watoto wa miaka 8 na kuendelea, apimwe mwanzoni kwa kipimo hiki au kinachofanana nacho, kisha kila mwaka. Tahadhari mbili tu. Kwanza, mgonjwa achague lugha ya kutaja tarakimu na abaki nayo miaka yote. Wengi wetu tunazungumza Kiswahili lakini tunahesabu kwa lugha tuliyofundishiwa hesabu, na kubadilisha katikati kunaiba sekunde. Pili, usimpe karatasi aende nayo nyumbani "akajizoeze." Ufunguo ukiingia kichwani kipimo kimekufa.

Kama unazo dakika 15 badala ya 5, BICAMS, iliyopendekezwa na jopo la kimataifa mwaka 2012, ni SDMT pamoja na viwili vya kumbukumbu: orodha ya maneno 16 inayosomwa na kukumbukwa mara tano, na ukurasa wa michoro sita unaoonyeshwa kwa sekunde 10 kisha kuchorwa kwa kumbukumbu, mara tatu. Ni nyongeza ya maana, kwa sababu mtu anaweza kuwa na kasi nzuri na bado jana yake imefutika. Ila orodha ya maneno haitafsiriwi mezani. Lazima itayarishwe na kujaribiwa kwa watu wa lugha husika. La sivyo alama unazolinganisha nazo si za watu wako. Na ile michoro inahitaji mkono na macho, kwa hiyo usiitumie kwa anayetetemeka kisha ukamwandikia kuwa kumbukumbu imeharibika.

Betri kamili, yaani mfululizo wa vipimo vingi kwa pamoja, kama MACFIMS, huchukua dakika 90 hivi na ni kazi ya mwanasaikolojia wa neva. Ni ya wakati wa uamuzi mzito: kuacha kazi, kuomba haki ya ulemavu, kutofautisha MS na sonona. Kuhusu vipimo vifupi vya usahaulifu wa uzeeni kama MMSE, viache. Vilitengenezwa kwa ugonjwa unaokula vitu vingine, na mwenye MS hupata alama karibu kamili huku kasi yake imeanguka.

Na kumuuliza mwenyewe? Dodoso la MSNQ lina maswali 15 na huja kwa nakala mbili, moja ya mgonjwa na moja ya mtu wa karibu. Kwa tabia, majibu ya mgonjwa hufuata zaidi huzuni yake kuliko utambuzi wake: mwenye sonona hujiona amesahau kila kitu, na aliyezorota sana huweza asione lolote. Majibu ya mke, mume au dada huwa karibu zaidi na matokeo ya vipimo. Kwa miguu mambo ni tofauti. Dodoso la MSWS-12, maswali 12 kuhusu kutembea kwa wiki mbili zilizopita, huongeza kitu ambacho saa haiwezi kukiona, kwa mfano mtu anayepita sekunde zile zile lakini sasa anafikiria kila hatua.

Simu, picha na damu

Programu za simu kama Floodlight ya Roche humfanya mtu ajipime nyumbani: kutembea dakika 2 simu ikiwa mfukoni, kugeuka, kuchora maumbo kwa kidole, kulinganisha alama na tarakimu. Faida yake ni wingi wa siku. Hospitali inaona Jumanne moja, simu inaona mwezi mzima, na siku mbaya haiwi hukumu. Ila alama za kulinganisha kwenye simu usiziweke kwenye safu moja na SDMT ya mdomo. Ni kipimo kingine. Na watu huchoka. Wengi huanza kwa bidii na kuacha.

MRI haitumiki badala ya yote haya. Inaonyesha makovu mapya na kusinyaa kwa ubongo, ambako kwa mwenye MS asiyetibiwa huwa kati ya asilimia 0.5 na 1.35 kwa mwaka, dhidi ya 0.1 hadi 0.3 kwa mtu mwenye afya. Lakini wapo wenye makovu mengi wanaotembea vizuri, na wapo wenye machache walio kwenye kiti. Vivyo hivyo kipimo cha damu cha nyurofilamenti, protini inayotoka kwenye nyuzi za neva: kinasema nyuzi zinaharibika sasa, hakisemi mtu ameshindwa nini.

Vinavyoharibu kila kipimo

Joto. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi ya mwili, na jambo hilo bado linaitwa kwa jina lake. Mtu aliyetembea juani kuja kwako atakupa sekunde za jua, si za ugonjwa. Mpe dakika 30 kwenye kivuli au chumba kilichopoa. Homa na maambukizi ya njia ya mkojo hufanya vivyo hivyo, na huweza kuonekana kama shambulio jipya kabisa. Kama shambulio ni la kweli, usiandike kuzorota kwa kudumu hadi miezi ipite. Sonona na usingizi mbovu hushusha SDMT. Saa ya siku nayo ni kipimo: aliyepimwa asubuhi apimwe asubuhi. Anza na kufikiri, kisha mikono, miguu mwisho, maana ukianza na miguu, kufikiri kutakuja kukiwa kumechoka.

Basi uchukue nini

Kwa mgonjwa mpya, hata kama anaonekana mzima, chukua futi 25, vijiti tisa kwa mikono yote miwili na SDMT, zaidi ya EDSS ya daktari. Ni kama dakika 15, na msingi huo hautaupata tena. Yule mama wa kamba za viatu hakuwa nao, kwa hiyo hadi leo hatuwezi kusema mkono ulianza kumwacha mwaka gani.

Kwa anayefanya kazi ya ofisini, SDMT kila mwaka ni muhimu kuliko futi 25. Kwa fundi, mshonaji au yeyote anayekula kwa mikono yake, vijiti tisa kila miezi 6, na mkono usio wa kazi upimwe pia kwa sababu ndio unaoshika kitambaa. Kwa anayetembea vizuri na kulalamika, dakika 2 au 6. Kama una dakika 5 tu na huna msaidizi, chukua SDMT na mkono mmoja ulio mbaya zaidi. Miguu utaiona akiingia mlangoni.

Kwa aliye kwenye kiti cha magurudumu, ondoa matembezi yote na usimwandikie "haiwezekani kupimwa." Mikono yake ndiyo uhuru wake uliobaki: kuendesha kiti, kushika kikombe, kugeuza ukurasa. Vijiti tisa, au vitofali kama vijiti vimemshinda, pamoja na SDMT ya kutamka. Na kama neva za macho zimeharibika kiasi kwamba alama za SDMT haziwezi kutofautishwa, ile PASAT niliyoisema vibaya ndiyo itakayomwona, kwa sababu inahitaji masikio tu. Mweleze kwanza kwamba kila mtu hupoteza majibu katikati, mfanyie mazoezi ya mwanzo hadi aelewe, na akipotea mwambie aruke, asikilize tarakimu mbili zinazofuata, aendelee.